Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (Paris, Ufaransa, 18 Machi 1858 – baharini kati ya Antwerp na Harwich, 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Ujerumani. Anajulikana kama mtu aliyebuni injini ya dizeli, yaani injini ya mwako wa ndani ambayo fueli yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa badala ya cheche ya umeme. Neno dizeli, linalotumika katika Kiswahili kwa injini hiyo na pia kwa mafuta yake, limetokana na jina la ukoo wake.

Siku hizi injini za dizeli huvuta sehemu kubwa ya mizigo mizito duniani: huendesha meli, treni, malori, matrekta na pikapu zenye tela. Lakini Diesel mwenyewe hakuwahi kuona lori la dizeli likifanya kazi barabarani. Wakati wa uhai wake injini aliyoibuni ilikuwa nzito mno kwa magari, na nia yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia mafundi wadogo waliokuwa wakishindwa na viwanda vikubwa. Injini hiyo ilimpa umaarufu na utajiri, kisha kesi, maradhi na madeni. Alitoweka melini akiwa na umri wa miaka 55.

Utoto

Diesel alizaliwa Paris katika familia ya wahamiaji Wajerumani. Baba yake, Theodor Diesel, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kutoka mji wa Augsburg, naye alitengeneza pia bidhaa za ngozi. Mama yake, Elise Strobel, alitoka Nürnberg. Rudolf alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu.

Familia haikuwa na mali. Tangu akiwa mdogo Rudolf alisaidia katika karakana ya baba yake, akiwapelekea wateja bidhaa za ngozi kwa mkokoteni katika mitaa ya Paris. Shuleni alifanya vizuri, na mwaka 1870 alipata medali ya shaba kutoka chama kimoja cha elimu.

Mwaka huohuo vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani wengi walilazimika kuondoka Ufaransa, na familia ya Diesel ilikimbilia London. Maisha yalikuwa magumu huko, hivyo wazazi walimtuma Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, aende kukaa na jamaa zake huko Augsburg. Mwenyeji wake, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hisabati, na Rudolf akasoma katika shule ya ufundi alikofundisha mzee huyo. Alipofikia umri wa miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi.

Masomo

Alimaliza shule mwaka 1873 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1875 alipata msaada wa masomo uliomwezesha kuingia chuo cha ufundi cha München. Wazazi wake wangependa aanze kazi mapema ili alete kipato, lakini yeye aliendelea kusoma.

Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza baridi. Katika masomo ya joto na nishati Diesel alijifunza kwamba injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda na reli zote za wakati ule, ilipoteza karibu nishati yote ya makaa yaliyochomwa. Katika mashine nyingi haikufika hata sehemu moja ya kumi iliyogeuka kuwa kazi. Sehemu iliyobaki ilitoka nje kama joto na moshi. Tangu hapo alitafuta njia ya kupunguza hasara hiyo.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho. Alipokuwa akisubiri mtihani mwingine alifanya kazi katika kiwanda cha ndugu Sulzer huko Winterthur, Uswisi. Mwezi Januari 1880 alifanya mtihani na kuhitimu kwa alama za juu sana.

Kazi ya barafu na familia

Baada ya kuhitimu Diesel alirudi Paris kumsaidia Linde kuanzisha kiwanda cha barafu. Mwaka mmoja baadaye akawa mkurugenzi wake. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu: Rudolf, Hedwig na Eugen. Mwaka 1890 familia ilihamia Berlin.

Katika miaka hiyo alifanya majaribio yake mwenyewe kando ya kazi ya ajira. Kwanza alijaribu kutumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji. Katika jaribio moja mashine ililipuka na kumjeruhi vibaya, akalazwa hospitalini kwa miezi kadhaa. Baadaye aliiacha amonia na kuanza kutumia hewa ya kawaida.

Wazo la injini

Mtu anayejaza upepo kwenye tairi la baiskeli huhisi pampu ikipata joto mkononi. Hewa inapobanwa haraka hupanda joto. Diesel aliona kwamba hewa ikibanwa vya kutosha ndani ya silinda itakuwa na joto la kuwasha fueli mara tu inapoingizwa. Injini ya namna hiyo haihitaji plagi wala moto wa nje. Aliona pia kwamba kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nishati ya fueli inavyoweza kugeuzwa kuwa kazi.

Mwaka 1892 aliomba hataza, nayo ilitolewa mwezi Februari 1893. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kidogo kilichoeleza nadharia ya injini ya kuchukua nafasi ya injini ya mvuke. Kitabu hicho kilikuwa na makosa: kanieneo aliyoitaja ilikuwa kubwa kupita uwezo wa chuma na viwanda vya wakati ule. Baadaye Diesel alirekebisha hesabu zake na kuomba hataza ya pili. Tofauti kati ya hataza ya kwanza na injini iliyojengwa kweli iliwapa wapinzani wake hoja kwa miaka mingi. Wengine walidai kwamba wazo halikuwa lake peke yake. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa na hataza ya mwaka 1890 ya injini ya mafuta isiyo na cheche, ingawa injini yake iliwasha fueli kwa msaada wa chemba ya chuma iliyopashwa moto kwanza, na hewa haikubanwa kwa kiwango alichokusudia Diesel.

Majaribio ya Augsburg

Heinrich von Buz, mkuu wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, alikubali kujenga injini ya majaribio. Kampuni ya Krupp ilichangia gharama. Kiwanda hicho cha Augsburg ndicho kilichokuja kuwa sehemu ya kampuni ya MAN.

Tarehe 10 Agosti 1893 fueli iliingizwa katika silinda kwa mara ya kwanza. Ilishika moto kama Diesel alivyotabiri, lakini mlipuko ulivunja kifaa cha kupimia kanieneo na vipande vikaruka. Injini haikuweza kujiendesha. Miezi kadhaa ya marekebisho ikafuata, na tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa takriban dakika moja.

Ilichukua miaka mitatu mingine kupata mashine ya kutegemewa. Tarehe 17 Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa München aliipima rasmi. Ilitoa takriban nguvu za farasi 18 ikizunguka karibu mara 154 kwa dakika, na asilimia 26.2 ya nishati ya fueli iligeuka kuwa kazi. Injini za mvuke za wakati ule zilikuwa mbali na kiwango hicho.

Utajiri na matatizo

Habari za jaribio hilo zilienea haraka. Makampuni ya nchi mbalimbali yalinunua haki ya kutengeneza injini hiyo. Nchini Marekani haki zilinunuliwa na Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia huko St. Louis. Katika muda mfupi Diesel akawa milionea, na baadaye akajenga nyumba kubwa ya kifahari mjini München.

Lakini injini zilizouzwa mwanzoni zilikuwa na kasoro nyingi. Injini ya kwanza ya kibiashara, yenye silinda mbili, ilifungwa mwaka 1898 katika kiwanda cha viberiti mjini Kempten, nayo iliharibika mara kwa mara. Wanunuzi wengine walilalamika pia. Kiwanda cha injini kilichoanzishwa Augsburg kwa jina la Diesel kilishindwa kuendelea. Wakati huohuo alikuwa na kesi za hataza. Afya yake iliharibika, akasumbuliwa na maumivu makali ya kichwa na uchovu wa akili, akalazimika kukaa katika nyumba ya matibabu.

Kuhusu fedha, Diesel hakuwa na uangalifu aliokuwa nao katika uhandisi. Aliweka mali yake katika viwanja na katika visima vya mafuta, na sehemu kubwa ikapotea. Kwa nje aliendelea kuishi kama tajiri.

Mafuta ya karanga

Mwaka 1900 injini ya Diesel ilipata tuzo kuu katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Katika maonyesho hayo injini moja ndogo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Jaribio hilo lilifanywa kwa matakwa ya serikali ya Ufaransa, iliyofikiria makoloni yake ya Afrika: karanga zilistawi huko, na makaa ya mawe na petroli vilipaswa kuletwa kutoka mbali. Injini ilifanya kazi vizuri bila kubadilishwa, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti.

Diesel alilieleza jambo hili katika mihadhara yake ya mwaka 1912. Aliamini kwamba mafuta ya mimea, ambayo wakati wake hayakuwa na maana kubwa kibiashara, yangeweza siku moja kuwa muhimu kama mafuta ya ardhini. Mafuta ya ardhini yalipokuwa rahisi, wazo hilo liliachwa. Lilirudi karne moja baadaye katika mjadala wa fueli za mimea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambako mmea wa mbono kaburi ulipandwa kwa ajili hiyo.

Mawazo ya kijamii

Diesel aliona kwamba injini ya mvuke ilimpendelea mwenye mtaji mkubwa. Mashine kubwa ya mvuke ilitumia makaa vizuri kuliko ndogo, hivyo fundi wa karakana ndogo hakuweza kushindana na kiwanda. Alitaka injini ambayo ikiwa ndogo ingetumia fueli kidogo vilevile, ili mshonaji, mfumaji au fundi seremala awe na nguvu yake mwenyewe mahali alipo. Mtoto wa fundi wa ngozi aliyesukuma mkokoteni Paris alijua hali ya mafundi hao.

Mwaka 1903 alichapisha kitabu kiitwacho Solidarismus, alimopendekeza wafanyakazi wachangie akiba na kumiliki viwanda vyao kwa pamoja. Kitabu hakikupata wasomaji wengi, ingawa mwenyewe alikithamini sana.

Injini isiyoweza kubebwa

Tatizo kubwa la injini ya Diesel lilikuwa uzito. Injini iliyopimwa mwaka 1897 ilikuwa na uzito wa takriban tani 4.5. Chuma kilipaswa kuwa kinene ili kustahimili kanieneo ya ndani. Tena fueli ilisukumwa ndani ya silinda kwa hewa kutoka kompresa ya pembeni, iliyoongeza uzito na sehemu za kuharibika.

Kwa sababu hiyo injini za kwanza zilifungwa sakafuni katika viwanda, vituo vya maji na vituo vya umeme. Chombo cha kwanza chenye nafasi ya kuzibeba kilikuwa meli. Kuanzia mwaka 1903 zilitumika katika vyombo vya mtoni na mifereji nchini Urusi na Ufaransa. Mwaka 1912 meli ya Selandia ya Denmark ilisafiri kutoka Kopenhagen hadi Bangkok kwa nguvu ya dizeli, ikathibitisha kwamba meli kubwa ya baharini haikuhitaji tena tanuri za makaa. Majeshi ya majini yalizitaka kwa ajili ya nyambizi.

Diesel alitaka kwenda mbali zaidi. Alishiriki katika ujenzi wa garimoshi la dizeli lililojaribiwa nchini Uswisi mwaka 1912, lakini mashine ilikumbwa na hitilafu na haikuingia katika huduma ya kudumu. Alijaribu pia injini ndogo kwa ajili ya magari, lakini haikufanikiwa sokoni.

Kifo

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kuhudhuria mkutano wa kampuni iliyotengeneza injini zake. Alifuatana na wenzake wawili, George Carels na Alfred Luckmann. Walikula chakula cha usiku pamoja, na karibu saa 4 usiku Diesel aliingia chumbani mwake akiagiza aamshwe asubuhi.

Asubuhi hakuwepo. Kitanda hakikuwa kimelaliwa, nguo za kulalia zilikuwa zimetandazwa, na saa yake ilikuwa imewekwa mahali pa kuonekana. Kofia na koti lake vilikutwa vimekunjwa karibu na uzio wa nyuma wa meli. Siku kumi baadaye mabaharia wa chombo cha Uholanzi waliona maiti baharini. Kwa kuwa ilikuwa imeharibika sana, walichukua vitu vidogo vilivyokuwa mfukoni na kuirudisha majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Kabla ya safari Diesel alikuwa amempa mke wake mkoba akimwambia asiufungue mpaka wiki ijayo. Ndani yake mlikutwa fedha taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti zake za benki zilikuwa karibu tupu. Katika shajara yake tarehe ya 29 Septemba ilikuwa imewekewa alama ya msalaba.

Waandishi wengi wa maisha yake huona kwamba alijiua kwa sababu ya madeni na afya mbaya. Wengine wamedai kwamba aliuawa kwa sababu za kibiashara au za kijeshi, kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inakaribia na Ujerumani ilitegemea injini zake katika nyambizi. Madai hayo hayajathibitishwa.

Kutoka meli hadi pikapu

Baada ya kifo cha Diesel wahandisi wengine walitatua tatizo la uzito. Kompresa ya hewa iliachwa, na fueli ikasukumwa moja kwa moja kwa pampu ndogo yenye nguvu kupitia nozeli. Malori ya kwanza ya dizeli yalionekana Ujerumani katika miaka ya 1923 na 1924. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilionyesha gari dogo la abiria la dizeli, 260 D.

Magari ya kazi za mashambani yalifuata. Land Rover ilipata injini ya dizeli mwaka 1957. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zikawa pikapu za kawaida katika mashamba, migodi, hospitali na mbuga za Afrika ya Mashariki. Injini yake maarufu ya silinda sita, yenye ukubwa wa lita 4.2, hutoa takriban nguvu za farasi 130. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya injini ya mwaka 1897, kwa sehemu ndogo tu ya uzito wake.

Sababu za dizeli kufaa kwa mizigo mizito

Gari linaloanza kuvuta tela lililojaa halihitaji kasi bali nguvu ya kuzungusha magurudumu likiwa bado linaenda polepole. Injini ya dizeli hutoa nguvu hiyo kwa mizunguko michache. Hewa yake hubanwa mara nyingi zaidi kuliko katika injini ya petroli, kwa kawaida kati ya mara 14 na mara 24, na msukumo juu ya pistoni huwa mkubwa. Vyuma vyake vinene, vilivyokuwa kikwazo wakati wa Diesel, huifanya idumu kwenye kazi ngumu. Tena hutumia fueli kidogo kuliko injini ya petroli yenye nguvu sawa.

Hata hivyo nguvu ya injini si kipimo pekee. Pikapu kubwa nyingi za dizeli huruhusiwa na watengenezaji wake kuvuta hadi kilogramu 3,500, lakini kwa sharti kwamba tela lina breki zake. Tela lisilo na breki kwa kawaida huruhusiwa kuwa na kilogramu 750 tu. Mzigo hupangwa ili takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ikae kwenye kiungo cha gari. Ukiwa nyuma mno, tela huanza kuyumba na linaweza kulipindua gari.

Hatari kubwa zaidi ni kuteremka. Injini ya dizeli ya kawaida haina valvu ya kuziba hewa kama ya petroli, hivyo dereva akiondoa mguu kwenye mafuta haizuii gari kwa nguvu sana. Kwa hiyo malori mengi huwekewa breki ya moshi, ambayo huziba njia ya ekzosi ili injini ilizuie gari. Katika miteremko mirefu kama barabara ya Lushoto hadi Mombo, dereva mwenye mzigo huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Akitegemea breki za miguu pekee, hupata joto na kushindwa kushika.

Pongwe na Afrika ya Mashariki

Diesel hakufika Afrika, lakini historia ya uchukuzi ya Pongwe, kata ya Jiji la Tanga, inaonyesha mabadiliko yaliyoletwa na injini yake. Mwaka 1894, mwaka ambao injini ya Augsburg ilijiendesha kwa mara ya kwanza, Pongwe ilikuwa mwisho wa sehemu ya kwanza ya reli ya Usambara iliyojengwa na Wajerumani kutoka bandari ya Tanga. Reli hiyo ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Treni zake zilivutwa na mvuke, na mkonge wa mashamba ya Tanga ulisafirishwa nazo hadi bandarini.

Mvuke uliendelea kutawala kwa muda mrefu. Meli ya Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg mwaka wa kifo cha Diesel na kuletwa vipandevipande hadi Kigoma, ilikuwa ya mvuke. Kwa jina lake jipya la Liemba ilifungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970 tu. Reli za Afrika ya Mashariki zilianza kupata vichwa vikubwa vya dizeli karibu na mwaka 1960, na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 ilitegemea dizeli tangu mwanzo.

Pongwe ya leo iko kando ya barabara kuu ya Tanga kwenda Muheza na Segera. Kiwanda cha Saruji cha Tanga, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimejengwa hapo kwa sababu ya mawe ya chokaa ya eneo hilo. Mfuko mmoja wa saruji una kilogramu 50, hivyo pikapu ya tani moja hubeba mifuko 20, na lori la tani 30 hubeba mifuko 600. Uzito wote wa lori na tela zake katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hauruhusiwi kuzidi tani 56, nao hukaguliwa kwenye mizani za barabarani.

Nia ya kwanza ya Diesel imetimia zaidi vijijini. Mashine za kusaga nafaka zinazoendeshwa na injini ndogo ya dizeli ya silinda moja zimewapunguzia wanawake wengi wa Afrika ya Mashariki kazi ya kutwanga, na mara nyingi mwenye mashine ni mtu mmoja wa kijiji hicho.

Moshi na afya

Injini za dizeli hutoa masizi na oksidi za nitrojeni. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Nchi nyingi zimeweka masharti makali ya vichujio na ya kiasi cha salfa katika fueli. Moshi mweusi kwa kawaida ni dalili ya fueli isiyoungua yote, kwa mfano nozeli zikiwa mbovu, kichujio cha hewa kikiwa kimeziba au gari likiwa limezidishiwa mzigo.

Kumbukumbu

Injini za majaribio za Diesel zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Augsburg na München. Mwanawe Eugen, aliyekuwa mwandishi, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya baba yake. Mitaa ya miji mingi ya Ujerumani imepewa jina lake. Katika lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwemo, jina lake limegeuka kuwa neno la kawaida, na wengi wanaolitamka kila siku kwenye vituo vya mafuta hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.